Mama Ameinua Matuta

Kwako Dada,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima wa afya, pamoja na shemeji na watoto. Nakusalimu kwa sababu tulilelewa kusalimu kwanza hata kama mtu amekuja kugombana, na mimi nimekuja kugombana. Sisi huku ni wazima. Mume wangu anaendelea na kutengeneza friji za watu, binti yangu amepona mafua, na mimi bado nafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali katika chumba kile kisicho na dirisha la maana. Joto ni lilelile la kumtoa mtu jasho akiwa bado anajifuta maji ya kuoga. Mama hajambo kwa mwili. Mengine yake utayasoma humu ndani, na ukae chini uyasome vizuri.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Simu unaikata. Nikipiga unasema mtandao unasumbua, nikipiga tena naambiwa hupatikani, na jioni nakuta umeweka picha yako ukiwa na gauni jipya. Mtandao huo unaosumbua, picha zako unazikubali. Basi nimeona nikuandikie, maana barua haina kitufe cha kukatia. Unaweza kuichana, lakini nakujua tangu utotoni, huwezi kuvumilia kupitwa na jambo, utaisoma mpaka mwisho hata ikikuunguza vidole. Anayeileta ni binamu yetu dereva, yule tuliyempa jina la Breki kwa sababu hazitumii. Nimemwagiza asiwashe lori lake mpaka akuone umeifungua.

Nianze na siku Mama alipofika, kwa sababu hukuwahi kuniuliza alifikaje. Alishuka stendi na mkoba wake wa nguo, jembe lake lililofungwa kitambaa ili lisimkwaruze mtu, na kile kifuko cha mbegu ulichomfungia wewe mwenyewe. Miguu ilikuwa imevimba kwa kukaa. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba hewa ya huku ni nzito, mtu anavuta pumzi kama anayepumua kupitia kitambaa kibichi. La pili alisema hatakaa sana, ni mpaka mafundi wamalize paa, maana uliona vumbi la kufungua paa litamuumiza kifua. Nikafurahi. Usiku huo nilikupigia simu, na ukapokea, nikakushukuru kwa kumjali Mama. Nilikushukuru kweli kweli, Dada. Nikikumbuka hiyo simu najisikia kujizaba kofi.

Asubuhi yake Mama alizunguka nyuma ya nyumba. Hujawahi kufika kwetu, kwa hiyo nikueleze. Kuna kipande cha ardhi kati ya ukuta wa bafu na uzio wa mabati, kipana cha kutosha watu kupishana na ngazi begani, na mume wangu alikuwa amekijaza friji zilizokufa, zile ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mama aliziangalia, kisha akamwambia mkwe wake kwa adabu zote kwamba marehemu wakikaa juu ya ardhi muda mrefu si vizuri, ama awazike ama awasogeze. Mume wangu alicheka, akazisogeza zote upande mmoja siku hiyo hiyo. Anampenda Mama, huyu mwanamume. Nataka ulijue hilo, maana mume wa mtu hapimwi kwa suti.

Mama akaanza kulima. Alilima kama tunavyolima kwetu, na wewe unajua. Alichimba zile sahani zake, vitalu vilivyozama chini na kingo zilizoinuka pande zote, ili tone lililoingia lisipate pa kutorokea. Akabananisha miche ili majani yafunike udongo, jua lisiukaushe. Akamwagilia jioni, ili mizizi inywe usiku kucha. Kwa kwetu, ambako mvua ikija inakuja kama mtu aliyesahau kitu na kuondoka, hayo yote ni sawasawa. Kwa ulimaji huo alitusomesha na kutunenepesha, na wanawake wa njia nzima walikuwa wakija kumwomba mche wa nyanya.

Huku, Dada, mvua hainyeshi na kuondoka. Inanyesha mchana, inapumzika tupate kuanika kanga moja, halafu inarudi. Hata isiponyesha, hewa yenyewe ni maji. Sahani za Mama zilijaa mpaka kingoni na hazikukauka. Mchicha uliota vizuri, ukalala ubavu shingo zikiwa zimeoza. Nyanya zilirefuka, zikatoa maua, na maua yote yakadondoka kwa joto kabla hata moja halijafunga. Zilizobaki zikaota ukungu majani ya chini, ukungu ukapanda kama mtu anayepanda ngazi. Kabichi hazikujifunga hata moja. Kilichostawi ni konokono, na Mama alikuwa anawaokota asubuhi na kuwatupa nje ya uzio huku anawatukana kwa sauti ya chini, matusi ambayo sikujua anayajua.

Jirani yetu wa upande wa mabati, Mama Mapacha, ana bustani ambayo ukiiona unapata wivu. Bamia zimempita kimo. Huyo mama ana mdomo, lakini moyo wake ni safi. Akachungulia siku moja akamwambia Mama kwamba huku watu hawatafuti maji, wanayafukuza. Ainue udongo juu uwe matuta, achimbe mfereji katikati maji yatoke, aachanishe miche upepo upite, amwagilie asubuhi tu ili majani yakauke kabla ya usiku, na nyanya aziache kwanza, apande bamia, matembele, kunde na biringanya, vitu visivyoogopa joto. Aliyasema yote hayo kwa mkupuo mmoja, mkono mmoja umeshika mtoto na mwingine unaning'inia juu ya bati.

Mama alimsikiliza, akamshukuru, akangoja mpaka kichwa cha jirani kimezama upande wa pili. Kisha akaniambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kuyafukuza maji. Alilisema kama mtu aliyeambiwa afukuze mgeni. Na mimi nilimwelewa, kwa sababu mimi na wewe tulilelewa hivyo hivyo. Kwetu maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi nje ya lango. Tulioga tukiwa tumesimama kwenye karai ili maji yetu yaende kwenye kunde, na tukigombana wewe na mimi, mara nyingi ilikuwa juu ya nani atayapeleka, kwa sababu aliyeyapeleka alisifiwa. Unakumbuka. Usijifanye hukumbuki.

Akapanda tena. Sahani zilezile, mahali palepale. Zikaoza tena. Akasema mbegu zimepata joto njiani. Akapanda tena, akasema udongo una chumvi. Mara hiyo ya tatu mume wangu akamletea friji moja ndefu, ameilaza chali, ameutoa mlango, ametoboa matundu chini, akamwambia ajaze udongo humo, maji yatatoka yenyewe. Mama akaizunguka ile friji, akasema yeye hapandi mboga ndani ya jeneza. Tulicheka wote, lakini yeye hakucheka nasi.

Hapo ndipo hasira zangu zilipoanza, na wakati huo nilikuwa namkasirikia yeye. Sikufichi kwamba nina hasira za karibu. Nilikuwa natoka kazini nimepigwa na mvuke kutwa nzima, mikono imenyauka kwa dawa za kufulia, nafika nyumbani nakuta mama yangu yuko kwenye matope mpaka vifundo vya miguu anamwagilia kitalu kilichokwisha kuwa dimbwi. Nilimwambia aache. Nilimwambia anajiumiza bure. Siku moja alipokuwa amelala mchana nilichukua jembe nikachimba mfereji wa kutoa maji mpaka chini ya uzio. Aliamka, akauona, akaufunika kwa miguu yake bila kunitazama, akaingia ndani. Nilimwambia mume wangu kwamba Mama amekuwa na kichwa kigumu kama mtoto, na kwamba labda uzee umeanza kumchezea akili. Nilimsema mama yangu hivyo, na wewe ndiye uliyenifikisha hapo.

Mboga za kununua alikuwa hali. Alisema hajui zimekulia wapi. Nguo zikaanza kumpwaya. Mkoba wake ulikaa miguuni mwa kitanda, umefungwa zipu, akitaka kanga anafungua, anatoa kanga, anafunga. Nilimwachia rafu mbili kabatini hazikuwekwa hata leso. Nikimuuliza anasema haina haja, dada yako akimaliza paa nitaondoka. Kila nilipokupata kwenye simu ulikuwa na jambo jipya. Mbao zimechelewa. Fundi amefiwa. Fundi mwingine amekimbia na misumari. Nami nilimfikishia Mama kila neno, na yeye akawa anakutetea. Mafundi ndivyo walivyo, alisema, msimlaumu dada yenu, anahangaika peke yake. Ulikuwa unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe nilikuwa mimi.

Sasa nakuja kwa Breki. Alipita kwetu na lori lake la vitunguu, mchana wa jua kali, akaomba maji ya kunywa. Mama alikuwa nyuma. Breki, kama unavyomjua, mdomo wake nao hauna breki. Akakaa kizingitini, akaniambia shemeji yangu ni mtu mwenye akili sana. Nikamuuliza akili ya nini. Akasema ile sehemu ya kuoshea magari. Ameimwagia saruji safi kuanzia mlango wa jiko mpaka langoni, ameweka tangi, mpira mrefu, pampu, na kibao cha rangi barabarani. Yeye mwenyewe ameoshewa lori pale, kazi nzuri, wanapiga maji mpaka chini ya matairi. Maji yanatoka langoni yanateremka barabarani, watoto wa mtaa wanayachezea.

Nilimuuliza paa limefikia wapi. Aliniuliza paa gani.

Nikamwambia paa la nyumba, lililofunguliwa. Akacheka akidhani namtania. Akasema alilala hapo kwenu usiku mzima, ulimtandikia chumba cha Mama, katikati ya madumu ya sabuni na matairi, na hakuona nyota hata moja. Halafu akaniona uso, akanyamaza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza Breki kunyamaza kabla ya kufika mwisho.

Dada, nilipima hatua kichwani. Kuanzia mlango wa jiko mpaka langoni. Hapo ndipo palipokuwa na nyanya. Hapo palikuwa na ile kunde iliyokunywa maji ya miili yetu. Mama alichimba udongo ule kwa mikono yake tangu akiwa bi harusi, akautia samadi aliyoibeba kichwani, akaufanya mweusi katika nchi ambayo udongo wote ni mwekundu na mgumu. Ninyi mmeumwagia saruji. Na juu ya saruji hiyo mnamwaga maji, kutwa nzima, kwa ajili ya matope ya magari ya watu, yanatoka nje ya lango. Hamkuona haya hata ya kuyaelekeza pembeni, kwenye mche mmoja. Wewe uliyekuwa unalia ukinyimwa kubeba karai.

Nilimweleza mume wangu. Akashauri tumfiche Mama kwanza, ale kidogo, apate nguvu, ndipo tumwambie polepole. Ni ushauri mzuri na nilijaribu. Lakini kukaa mezani na mtu anayekutetea, huku nikijua ninachojua, ilikuwa kama kumeza mfupa. Kila akisema dada yenu anahangaika peke yake, nilitamani kuvunja sahani. Sikuiweza kazi hiyo hata wiki nzima.

Nilimwambia siku ya mapumziko yangu, asubuhi, mvua ikiwa imekatika. Alikuwa ameinama anachimba sahani nyingine. Nilisimama nyuma yake nikasema, "Mama, paa halikufunguliwa. Nyumba wamekaa wao, na bustani wameimwagia saruji."

Hakugeuka. Alimaliza kuvuta udongo wa ukingo mmoja, akausawazisha kwa kiganja kama kawaida yake, ndipo akasema, "La saruji silijui. La paa nalijua."

Nikadhani hakunisikia vizuri. Nikarudia. Akakaa juu ya ukingo wa kile kidimbwi, akaweka jembe magotini. Sasa nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, siongezi wala sipunguzi, kwa sababu hii ndiyo sababu hasa ya barua hii.

Alisema, "Siku ile dada yako alinifungia mbegu zote. Mpaka zile za kwenye chungu juu ya meko. Mtu anayerudi nyumbani haondoki na mbegu zote. Nilijua nikiwa bado sijapanda gari."

Kweli, Dada, wewe ulimfungia za chungu. Ulidhani unamfanyia wema, au ulitaka kusafisha rafu. Kwetu mtu akisafiri, hata akienda kuuguza mtoto wake, anabakiza mbegu za msimu unaokuja juu ya meko, na ndizo zinazomwambia moshi kwamba mwenyewe yupo. Ulimwondolea mpaka hizo, mbele ya macho yake, ukampa mkononi zimefungwa vizuri kwa uzi, yeye akazipokea na kukuaga. Uliketi naye stendi mkingoja gari. Ulimnunulia maji ya chupa. Kumbe mlikuwa mmekaa wawili hapo, kila mmoja anajua, na wewe ukidhani unajua peke yako.

Nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwamba kama alijua, kwa nini alituhangaisha hivyo. Kwa nini asikubali kuinua udongo, kwa nini aoze na miche yake msimu mzima, kwa nini mkoba haufunguliwi. Nilikuwa namgombeza, nakiri. Mama akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Akasema, "Nilikuwa nampa nafasi ya kuona haya. Nikiinua matuta siku ya kwanza, ningekuwa nimehama mwenyewe, na yeye hana kosa. Nikasema nipande kama mtu wa kule, labda atakuja kabla hazijaoza."

Zilioza, Dada. Ulipewa nafasi ya mchicha wa kwanza, ukapewa ya pili, ukapewa na ya tatu. Kila mche uliolala ubavu kwenye yale maji ulikuwa ni siku Mama aliyokuongezea, na wewe ulikuwa unaniambia habari za misumari.

Nilitaka kukupigia hapo hapo. Mama akanikataza. Alinyanyuka, akakung'uta kanga yake, akauliza mkwe wake yuko wapi. Mume wangu alipotoka, Mama akamwambia alete lile jeneza. Ndivyo alivyosema, na safari hii alitabasamu yeye, sisi tukashindwa. Wakalikokota pamoja mpaka penye jua la asubuhi. Kisha Mama akavunja sahani zake zote, moja baada ya nyingine, akauvuta udongo juu. Mama Mapacha alichungulia, akafungua mdomo aseme neno, akaufunga, akazunguka na kuingia na jembe lake bila kuitwa. Walifanya kazi mpaka wingu likajikusanya. Mfereji aliuchimba Mama mwenyewe. Hakutaka mtu auguse.

Mvua ilipokuja hakuingia ndani. Alisimama chini ya ukingo wa bati akiyatazama maji yanavyoshuka kutoka kwenye matuta, yanaingia mfereji, yanapita chini ya uzio na kwenda zake. Nilisimama karibu yake. Maji yalikuwa mengi na yalikuwa safi, na midomo yake ilikuwa inatikisika kidogo kama mtu anayeaga. Hakulia. Mimi nililia kesho yake kazini, uso nimeuficha kwenye shuka la wagonjwa, mpaka mwenzangu akadhani nimeungua na pasi.

Tangu siku hiyo bustani imekubali. Nyanya ameachana nazo, amepanda nyanya chungu, zile nyeupe ndogo za huku zisizojali joto, mbegu kampa jirani. Bamia zimesimama. Matembele yametambaa mpaka kwenye bati na ile friji imejaa mchicha unaokatwa na kuota tena. Biringanya zina maua. Anamwagilia asubuhi, anaachanisha miche, majani ya chini anayakata yasiguse udongo. Ukimwangalia huwezi kudhani aliwahi kulima vingine. Mkoba ameufungua. Nguo ziko kwenye rafu, zimekunjwa kwa namna yake ile, na anakula. Anamtania mume wangu kwamba sasa ndiyo friji yake ya kwanza kufanya kazi.

Watu wanapita kuiona wananipongeza. Wanasema mama yako amezoea haraka, hongera. Nashukuru kwa mdomo, na moyoni hasira inapanda upya, kwa sababu najua alichokilipia kuzoea huko. Ile mboga inanipita kooni kwa shida. Mama ananiangalia ananihimiza nile, nami nakula.

Kwa hiyo sikiliza, mkubwa wangu. Najua utakachokisema, kwa kuwa nakijua kinywa chako. Utasema basi mambo yamekwenda vizuri, Mama ana furaha, ana bustani, ana mjukuu karibu, kumbe uamuzi wako ulikuwa sahihi. Usithubutu. Usijisafishe kwa kicheko chake. Anacheka kwa nguvu zake mwenyewe, hukumpa wewe. Na usimsukumizie shemeji. Yeye simsamehe, lakini hakubebwa na tumbo lile. Chumba kile hakikuwekewa sabuni na shemeji peke yake. Kuna mtu alitoa kitanda cha Mama nje, na aliyekunja mashuka nadhani ulikuwa wewe, kwa sababu shemeji hajui kukunja hata soksi.

Sikuombi uvunje saruji. Mama hatarudi, amekwisha kusema, na sitaki umfanyie mchezo mwingine wa kumwita na kumfukuza. Sitaki pia umtumie zawadi kwa Breki. Na ukipata hamu ya kumpigia simu, usimwambie habari za mbao. Atakujibu vizuri, atakuuliza mafundi wamefikia wapi, na wewe hutajua kama anakuuliza au anakutazama unavyosema uongo. Mimi mwenyewe sasa sijui tena, nikikumbuka habari zote za simu nilizomfikishia.

Niishie hapa, Breki anapiga honi. Mume wangu anawasalimu. Binti yangu anawasalimu binamu zake na anauliza lini atawaona, swali ambalo nimemwachia baba yake alijibu. Mama Mapacha hamfahamiani, lakini amesikia mambo yenu na salamu zake sitaziandika.

Nilimwendea Mama kumuuliza niandike salamu gani kutoka kwake. Alikuwa bustanini anafunga bamia kwenye kijiti, mgongo kwangu. Akawasalimu wajukuu wote, kila mmoja kwa jina lake la kubembelezwa, hata yule wa mwisho ambaye hatamki vizuri. Akamsalimu shemeji. Kisha akarudia kukaza fundo la kijiti, nikadhani amemaliza, nikageuka niondoke. Ndipo akasema nikuandikie kwamba nyumba yake sasa iko huku, na kwamba siku utakayokuja hatakuzuia, mlango uko wazi, ila ukifika mlangoni usiingie moja kwa moja kama mtoto wa nyumbani. Upige hodi.

Ni mimi mdogo wako.